Kibuyu cha Popo

Jumanne, mwezi 28 Shaabani 1356

Daftari hili kanipa kaka yangu Nassor, aliye karani mjini Chake. Kaniambia, "Andika siku za wanao, Mwanawema. Mama yetu kazaa tisa, na ukimuuliza leo nani alitangulia kuota jino, hajui." Basi naandika, kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, maana ndizo nizijuazo. Masika ana miaka mitatu na meno yote. Othman ana miezi minne na hana hata moja, ila analia kama anayeota yote kwa pamoja.

Sijalala vizuri tangu azaliwe. Usingizi wangu umekuwa kama shuka iliyotoboka: najifunika, na baridi inaingia pale pale.

Mume wangu Msellem ni mgema. Ana minazi kumi na minne bondeni, upande wa Pujini. Huipanda mara mbili kwa siku, alfajiri na alasiri. Huchonga karara, ala ya ua la mnazi, kwa kotama, kisu cha wagema, hufunga kibuyu, na mnazi hudondosha utamu wake tone tone mpaka arudi. Si tembo la kulevya hilo. La kulevya halivuki kizingiti cha mama yake, Bi Mwatum. Letu hunywewa bichi siku hiyo hiyo likiwa tamu, na linalobaki huchemshwa likawa asali.

Nyuma ya minazi pana msitu wa makaburi, na popo wanalala humo. Wakubwa kama paka, na manyoya mekundu kama kutu. Mchana wananing'inia mitini kama nguo zilizosahauliwa na watu waliohama. Bi Mwatum husema popo hakosei tunda, na kibuyu alichokitembelea popo ndicho kitamu kupita vyote. Msellem akiona alama za kucha kwenye karara, kibuyu hicho hukitenga, akapewa mtoto mdogo wa nyumba. Yeye mwenyewe kalelewa hivyo. Na Masika analelewa hivyo.

Ijumaa, mwezi mosi Ramadhani

Mwezi umeonekana. Bi Mwatum kaniambia nile, maana nanyonyesha. Nimefunga. Mvua haijaja.

Jumapili, mwezi 3

Futari: muhogo wa nazi, mbaazi, na tembo la alasiri, kila mtu kikombe kimoja. Hatufungui bila hilo. Wifi yangu Time, dada yake Msellem, kanywa viwili, na kakake kamwambia, "Weye unafunga kwa ajili ya kufungua tu." Tumecheka wote. Ana miaka kumi na saba na mume wake atamchukua baada ya Idi.

La asubuhi sasa hatulinywi sisi wakubwa. Wanakunywa Masika na Bimkubwa, mtoto wa jirani yetu Mwanakhamis. Ana miaka mitano. Huja kila asubuhi na kifuu chake, hupiga hodi kama mtu mzima, akisema, "Nimekuja kufuata riziki."

Jumatano, mwezi 6

Othman kaniamsha kabla ya jua, nikatoka naye nje nikampakata chini ya paa. Ukungu umejaa bondeni mpaka kiunoni mwa minazi. Sijui kama niliona kwa macho au niliota. Siku hizi mambo haya mawili yanapitiana njiani bila kusalimiana. Niliona popo wanarudi kutoka mashambani, bila sauti. Mmoja akashuka juu ya mnazi wa tatu. Akajishika kwenye karara kwa kucha, kichwa chini, akatia mdomo kwenye kibuyu. Alilamba taratibu, kama Othman anavyonyonya akishashiba na hataki kuachia. Halafu akajigeuza, akakojoa, akaruka.

Nikamhurumia kwanza. Kiumbe mwenye njaa. Maembe bado mabichi mwaka huu, mvua imechelewa. Anakula nini?

Msellem alipoteremka, kibuyu cha mnazi wa tatu kilikuwa na povu na nywele mbili nyekundu. Nikamwambia Bi Mwatum, "Mama, popo kakojoa humu. Nimemwona."

"Umemwona, ama umesinzia?"

"Nimemwona."

"Popo hula matunda matupu, mwanangu. Mkojo wake ni maji ya matunda." Akachuja kwa kitambaa, nywele zikabaki juu. "Haya, kiko wapi kitoto changu?"

Masika alikuwa bado amelala. Nikasema asiamshwe. Bimkubwa alikuwa amekwisha piga hodi, basi kikombe cha Masika kamiminiwa yeye. Kanywa chote, kalamba na midomo.

Jumamosi, mwezi 9

Karafuu za mwisho zimeanikwa. Mikono yangu inanuka karafuu hata nikimwosha mtoto.

Jumatatu, mwezi 11

Bimkubwa hakuja. Mwanakhamis anasema ana homa na kichwa. Nimempelekea uji.

Jumatano, mwezi 13

Bwana wa dawa kampa kwinini, na maalim kamwandikia kombe la aya la kuoshwa na kunywewa, kanywa vyote. Homa haijali. Lakini si homa inayonitisha. Ni usingizi. Nimekaa kwake tangu adhuhuri. Mtoto anafumbua macho, anamtazama mama yake kama mtu anayetazama ng'ambo, anafumba tena.

"Bimkubwa," anamwita Mwanakhamis. "Bimkubwa, njoo ufuate riziki yako." Mtoto kacheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. Mkono wake ukawa unarukaruka juu ya mkeka, peke yake, kama samaki mdogo.

Mimi ninaomba usingizi kila siku kama maskini anavyoomba. Na hapa usingizi umekuja mwingi kiasi hiki, umemkalia mtoto kifuani.

Ijumaa, mwezi 15

Bimkubwa amefariki alfajiri ya leo, Mungu amweke pema.

Mvua imeanza wakati wanachimba. Nilikuwa na wanawake ndani, Mwanakhamis kaniegemea begani, hakulia. Aliuliza mambo madogo madogo. Kama mkeka wa nje umeingizwa. Kama kuku wamefungiwa. Wanaume walipoondoka na jeneza, akasema, "Kifuu chake kiko kwako, Mwanawema. Kakisahau." Kweli kiko. Kimetundikwa kwenye ukuti wa jiko letu. Nikasema, "Kipo, shoga yangu. Kimekaa salama."

Wamemzika msituni. Msellem karudi kalowa, kanambia popo hawakuondoka hata watu walipokuwa wengi. Wameshika vifua kwa mbawa zao, wanatazama chini.

Jioni maneno yameanza. Mmoja kasema husuda. Mwengine kasema upepo wa bahari. Mwanamke mmoja kasema, nami nasikia, "Mtoto alikuwa anakunywa kwa mgema." Msellem naye kasikia. Hakugusa futari. Mimi nilimtazama Masika mpaka akaniuliza, "Mama, nina nini usoni?"

Nimeamua: la asubuhi, Masika hanywi tena.

Jumamosi, mwezi 16

Time anaumwa. Homa, kichwa, anatapika. Bi Mwatum kakaa kitandani kwake siku nzima, akimpapasa paji lake. Na katika huzuni ile nimeona kama ametuliwa mzigo. Alitoka uani akawaambia majirani kwa sauti: "Time kafunga! Toka mwezi mosi hajatia kitu mdomoni asubuhi. La futari tunakunywa sote, na sote wazima. Basi si tembo la mwanangu. Mumwogope Mungu."

Majirani wakaondoka mmoja mmoja. Maneno yake ni kweli, nani atabisha?

Jumapili, mwezi 17

Nimelala. Nimekaa tu kumnyonyesha Othman baada ya alfajiri na usingizi ukanivuta chini kama kisima. Nikaota niko juu ya mnazi, kichwa chini, nimemkumbatia mwanangu kwa mbawa.

Nilipoamka, Masika alikuwa mlangoni na povu juu ya mdomo. "Bibi kanipa kibuyu cha popo," kasema. "Kitamu."

Sikupiga kelele. Nilimfuta mdomo kwa kanga yangu, nikafuta, nikafuta, mpaka akalia kuwa naumiza.

Alasiri Bi Mwatum kaenda kuswali, nikabaki na Time. Alikuwa na akili yake bado, ila maneno yanatoka polepole, moja baada ya jingine, kama anayateremsha kutoka darini.

"Wifi. Nikikwambia kitu, utanisitiri?"

"Nitakusitiri."

"Sikufunga siku zile. Mwezi tano, mwezi sita, mpaka tisa. Nilikuwa na siku zangu." Akageuza uso ukutani. "Nikala kujificha nyuma ya jiko. Ile siku ya nywele... Bimkubwa alipoondoka, kibuyu kilibaki na kidogo. Nilikunywa mimi."

Nilihisi nyumba imesogea.

"Time, mwambie Mama."

"Akisikia kuwa nilikuwa nakula, na kaka yupo, na nilikaa nao kwenye futari kama niliyefunga... La, wifi. Umesema utanisitiri."

Hizi ndizo aibu zetu. Mwanamke asiyefunga hula kama mwizi, akajikausha midomo, akaja kusinzia na wenzake kama mwenye njaa. Hata mimi nimefanya, kabla ya kuzaa. Hakuna dhambi ndani yake, na bado tunaificha kama dhambi.

Kikombe kile kimoja. Bimkubwa, siku tano, akaanza homa. Time, siku kumi. Na kikombe kilikuwa cha mwanangu.

Masika hana homa.

Jumatatu, mwezi 18

Time hajibu tena akiitwa. Anapumua tu.

Nimemwambia Msellem nje, mvua inanyesha, ili wasisikie ndani. "La asubuhi lichemshwe lote. Asinywe mtu bichi."

"Kwa sababu gani?"

"Popo wanatia midomo usiku kucha. Mchana wamelala, kwa hiyo la alasiri ni safi. Tunalinywa sote na tu wazima. Tazama mwenyewe."

"Nimetazama. Time kafunga. Au unataka kusema dada yangu mwongo?"

Nikamfunika Othman kwa kanga. Nimeahidi kumsitiri Time.

"Babu yangu kagema," kasema, "baba yangu kagema, na popo walikuwepo. Weye na mawazo yako ya kutolala, Mwanawema. Utanifanya nichekwe mpaka Gombani." Halafu sauti ikalegea: "Hebu kalale kidogo. Nimpakate mie huyu." Akamchukua Othman. Hakulala mtoto, na mimi sikulala, lakini tulikaa watatu chini ya paa bila ugomvi.

Masika hana homa.

Jumanne, mwezi 19

Leo Bi Mwatum kamimina tena kikombe cha Masika. Nikakichukua mkononi mwake nikakimwaga uani. Mbele yake. Katika Ramadhani. Sijawahi kumwinulia sauti mama huyu. Ndiye aliyenizalisha watoto wote wawili kwa mikono yake.

"Umemwaga riziki!"

"Nimemwaga, Mama. Unisamehe. Na kesho nitamwaga."

Akakaa juu ya kibao cha mbuzi, cha kukunia nazi, akachukua ukili wa mkeka aliokuwa akisuka. Nikakaa chini, miguuni kwake. Nilikuwa nimekesha nikijiuliza: siri ya Time na roho ya Masika, kipi nikiweke chini? Na Time mwenyewe yuko mbali sana, siwezi kumwomba ruhusa.

"Mama, nina neno, na si langu."

"Kama si lako, liache."

"Siwezi. Lina watoto ndani yake."

Nikamwambia. Kwa sauti ya chini, maneno ya wanawake, hata kuku hakusikia. Kwamba Time alikuwa na siku zake. Kwamba alikunywa kibuyu kile kile.

Ukili ukasimama.

"Kile cha nywele?"

"Kile."

Mvua ilianza, ikaacha, ikaanza. Nikadhani atanifukuza. Halafu akautazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwengine.

"Mie ndiye niliyemmiminia Bimkubwa," kasema. "Mkono huno."

"Hukujua, Mama."

"Na juzi nikampa Masika. Umelala, nikasema, ngoja nimpe mjukuu wangu nguvu, mama yake ana wasiwasi." Akavuta pumzi. "Mwanawema. Juzi nikampa Masika."

"Najua."

Ndipo akalia. Nilimshika miguu, nami nikalia, na Masika akaja akatuuliza nani katupiga.

Jumatano, mwezi 20

Msellem kaambiwa na mama yake. Sijui maneno gani, walikuwa nje. Karudi kachukua panga na kuni inayowaka, anasema anakwenda kuwachoma popo wote msituni.

Nikasimama mlangoni na Othman kifuani. "Utawachoma juu ya kaburi la Bimkubwa?"

"Wamemuua!"

"Hawajui kitu. Wana njaa, wakakuta vibuyu vimetegwa vimejaa sukari. Nani kavitundika? Si wao, Msellem. Ni sisi tuliowakaribisha." Akanitazama kama anataka kunisukuma. Halafu akaitupa kuni kwenye tope, ikatoa moshi, ikazima.

Bi Mwatum kasema, "Mwanangu, niletee vipimo vya midomo ya vibuyu vyako. Kawa ya kufunikia sahani naijua. Kawa ya kibuyu sijapata kuiona, lakini nitaisuka."

Masika hana homa. Siku tatu.

Alhamisi, mwezi 21

Tunasuka. Siku nne. Hana homa.

Jumamosi, mwezi 23

Kawa kumi na nne zimetimia, ndogo kama kofia za watoto, zenye kamba ya kufungia kwenye karara, zimefunika mdomo wa kibuyu na pale panapodondoka. Msellem kapanda nazo. Watu wa njiani wanamcheka. "Yakhe mgema! Minazi yako inakwenda kuswali Idi?"

"Inakwenda," kawajibu kutoka juu. "Na mke wangu ndiye imamu." Nimemsikia akicheka. Tangu mazishi hajacheka.

La asubuhi tunalichemsha lote hata hivyo. Sijui kilichomo kwenye mate ya popo. Sijui kama ni uchafu au ni kitu kisicho na jina. Popo wenyewe wazima, wanazaa, wananyonyesha; leo nimemwona mmoja na kitoto kimemshika tumboni. Kitu kinachokaa ndani yao kwa amani, kikija kwetu kinageuka. Maalim kaniambia ni elimu ya Mungu. Nimemwambia ndiyo, maalim, na kufunika ni kazi yangu.

Masika siku sita. Usiku namgusa paji kila nikimnyonyesha mdogo wake. Sasa namshukuru Othman kwa kuniamsha.

Jumanne, mwezi 26

Time kafumbua macho. Kaomba maji. Mkono wa kushoto hauna nguvu na jina langu kalisahau, kaniita "wewe wa maziwa". Bi Mwatum kambusu mdomo wake mkavu, akamwambia, "Umefunga vizuri, mwanangu. Mungu kakupokelea." Time akanitazama. Nikainamisha kichwa. Nadhani amejua nimesema, na nadhani kanisamehe, au kachoka tu.

Jumatano, mwezi 27

Siku kumi. Leo ndiyo hesabu ya Time. Adhuhuri Masika kasema kichwa kinauma.

Nikamlaza. Nikampepea. Bi Mwatum kakaa upande mmoja na mimi upande wa pili. Jua likatembea juu ya mkeka kama mtu asiye na haraka. Nikahesabu pumzi zake, nikapotea, nikaanza tena. Nikaona Bimkubwa kasimama mlangoni na kifuu, nikajua nimesinzia. Nikamwambia moyoni, riziki hii si yako mama, rudi, na huyu usimchukue.

Kabla ya magharibi Masika kainuka, akasema ana njaa, na kuku wamemlia karanga zake. Kichwa kimepoa. Kumbe kichwa kilimuuma kwa kulilia karanga hizo.

Alhamisi, mwezi 28

Hana homa.

Jumamosi, mwezi 30

Hana homa. Mwezi haukuonekana jana, tumekamilisha thelathini. Maembe ya kwanza yameiva. Popo hawaji tena minazini, wamekwenda kwenye maembe. Masika naye nimemkataza yaliyotafunwa na popo. Kalia. Na alie.

Jumapili, Idi

Siku kumi na nne.

Asubuhi, kabla watu hawajaanza kutembeleana, Bi Mwatum kavaa buibui, kachukua chupa ya asali na kifuu cha Bimkubwa. Kaniambia, "Nisindikize, miguu hainibebi."

Mwanakhamis alikuwa ameketi barazani na nguo zake za kila siku. Bi Mwatum hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, kwenye sakafu. Akamwambia yote: popo, nywele, kitambaa, kikombe. Hakumtaja Time. "Kilikuwa cha Masika," kasema. "Masika alikuwa amelala, nikampa mwanao. Mie. Sikujua, lakini mkono ni wangu, na sitaki ulisikie kwa mtu mwengine."

Nikangoja apige kelele. Nilitaka apige kelele. Alikigeuza kifuu mkononi, akatia kidole ndani, pale kilipochakaa kwa midomo.

"Siku hiyo," kasema, "alikunywa chote?"

"Chote."

"Kikampendeza?"

Bi Mwatum akajifunika uso kwa buibui. Nikajibu mimi. "Alilamba midomo, shoga. Akasema kesho nitakuja mapema zaidi."

Mwanakhamis akatikisa kichwa, polepole, kama anayesikiliza mtoto anaongea chumba cha pili. Halafu akampa Bi Mwatum mkono, akamwinua kutoka sakafuni. Kifuu kakiweka kwapani mwake. Asali hakuigusa, wala hakuirudisha.

Alasiri nimelala. Msellem kawachukua watoto wote wawili. Nilipoamka Masika alikuwa amelala kando yangu, na bila kufikiri mkono wangu ukaenda kwenye paji lake. Akausukuma bila kufumbua macho.

"Mama," kasema, "niache nilale."

Nikamwacha alale.